Je, Wajua? Dar es Salaam Ni 6174 Mara 872

Je, wajua kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam? Wengi tunaikata namba hiyo na kusema "milioni tano na ushee", basi yamekwisha. Ukiikata hivyo umeipoteza, maana utamu wake wote umo kwenye tarakimu zile za mkiani. Leo tunaichukua nzima, mpaka ile 8 ya mwisho. Unachohitaji ni penseli, karatasi na hesabu za kugawanya za shule ya msingi.

Je, wajua kwamba namba hiyo ni jumla ya namba tano za wilaya zake, na zote tano ni shufwa? Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, Kigamboni 317,902. Namba ikiokotwa bila kuchagua, uwezekano wa kuwa shufwa ni nusu kwa nusu. Kupata tano kwa mpigo ni bahati ya mara moja katika mara 32. Hakuna aliyeipanga. Mtoto mmoja tu angewahi kuzaliwa Mbagala kabla ya saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, namba ya Temeke ingekuwa witiri, na ya mkoa pia.

Je, wajua kwamba ukiigawa namba ya mkoa kwa 2, inakubali mara nne? Tuifungue pamoja. Nusu ya 5,383,728 ni 2,691,864. Nusu ya hiyo ni 1,345,932, kisha 672,966, kisha 336,483, na hapo 2 inagoma. Sasa jumlisha tarakimu za 336,483: unapata 27. Kwa kuwa 27 inagawanyika kwa 9, namba yenyewe nayo inagawanyika kwa 9, na jibu ni 37,387. Jaribu 7: unapata 5,341, bila baki. Jaribu 7 tena: 763. Jaribu tena: 109. Na 109 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa hiyo:

5,383,728 = 2×2×2×2×3×3×7×7×7×109

Usiupite mstari huo haraka. Namba ya mamilioni ukiifungua, mara nyingi ndani yake hubaki namba tasa moja kubwa ambayo haivunjiki. Temeke ni 2×7×43×2,237. Kigamboni ni 2×13×12,227. Ilala ni 2×2×2×11×18,749. Lakini namba ya mkoa mzima, kubwa kuliko zote hizo, inasagika mpaka namba tasa yake kubwa kabisa ni 109.

Je, wajua kwamba namba hiyo ina vigawo 120? Huna haja ya kuviorodhesha ili ujue. Tazama kila namba tasa imetokea mara ngapi, ongeza moja, kisha zidisha. 2 imetokea mara nne, andika 5. 3 mara mbili, andika 3. 7 mara tatu, andika 4. 109 mara moja, andika 2. Zidisha 5×3×4×2, unapata 120. Namba za ukubwa huo kwa wastani huwa na vigawo 16 au 17. Temeke na Ilala zina 16 kila moja, Kinondoni 32, na Kigamboni 8 tu. Na ukivijumlisha vigawo vyote 120 vya namba ya mkoa, jibu linaishia na sufuri tatu: 17,732,000.

Je, wajua kwamba mkoa wenye wilaya tano una namba isiyogawanyika kwa 5? Baki ni watu 3. Kwa 2, 3, 4, 6, 7, 8 na 9 inagawanyika vizuri kabisa. Katika tarakimu 1 hadi 9 ni 5 peke yake inayokataa.

Je, wajua kuhusu 6174? Hii ndiyo sababu ya makala yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mwaka 1949 mwalimu wa shule wa huko Devlali, India, D. R. Kaprekar, alieleza jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kulifanya. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zote zisifanane. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, halafu toa. Jibu lifanyie hivyo hivyo. Tuchukue mwaka wa Uhuru, 1961:

9611 − 1169 = 8442
8442 − 2448 = 5994
9954 − 4599 = 5355
5553 − 3555 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Ukiendelea, 7641 − 1467 ni 6174 tena, na hutoki hapo milele. Namba zote za tarakimu nne za aina hiyo zinaishia hapo, na hakuna inayozidi hatua saba. Mwaka 1961 umetumia zote saba. Mwaka wa Muungano, 1964, unafika kwa hatua sita; mwaka wa sensa, 2022, kwa hatua nne. Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa.

Je, wajua kwamba idadi ya watu wa Dar es Salaam inagawanyika kwa 6174 bila baki? Rudi kwenye ule mstari wa namba tasa. 6174 yenyewe ni 2×3×3×7×7×7. Vipande hivyo vyote vimo ndani ya 5,383,728. Vinavyosalia ni 2×2×2×109, yaani 872. Kwa hiyo Dar es Salaam ni 6174 mara 872, hakipungui kichwa wala hakizidi. Ukiokota namba ovyo, ni moja tu kati ya 6174 itakayokufanyia hivyo.

Je, wajua kwamba namba ya taifa zima inaanza na 6174? Sensa hiyo iliwakuta Watanzania 61,741,120: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Soma tarakimu nne za mwanzo: 6, 1, 7, 4. Taifa ni 6174 mara 10,000, na juu yake watu 1,120.

Sasa unganisha. Kama Dar es Salaam ni 872 za 6174, na taifa ni 10,000 za 6174 na kidogo tu juu yake, basi sehemu ya Dar katika taifa ni karibu sawa na 872 kwa 10,000. Hiyo ni asilimia 8.72. Piga kwa kikokotoo cha simu, kadiria hadi desimali mbili, uone kama hutapata hivyo hivyo.

Tutofautishe mambo mawili hapa, kwa sababu wapo watu wanaoona tarakimu zimepangana wakaanza kutafuta utabiri. Namba ya mkoa kugawanyika kwa 6174 ni bahati. Namba ya taifa kuanza na 6174 nayo ni bahati. Hakuna siri wala ishara ndani yake; wangehesabiwa siku chache baadaye, yote mawili yangetoweka. Lakini ile asilimia 8.72 si bahati tena. Mawili ya kwanza yakishatokea, la tatu halina budi kufuata. Hapo ndipo hisabati inapoishi: katika lile lisilo na budi. Mwanafunzi akishaona tofauti hiyo mara moja, hatadanganywa kirahisi na wauza namba za bahati.

Je, wajua kwamba Kaprekar huyo huyo alizipa jina la Harshad namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake? Jumlisha 5+3+8+3+7+2+8, unapata 36. Gawa 5,383,728 kwa 36, unapata 149,548 kamili. Dar imo. Idadi ya watu wa mkoa huu katika sensa ya 2012, 4,364,541, haimo: jumla ya tarakimu zake ni 27, na haigawanyiki kwa 27.

Je, wajua kwamba ndani ya namba ya Tanzania kuna namba tasa yenye historia ndefu? 61,741,120 ni 2×2×2×2×2×2×5×7×43×641. Hiyo 641 ndiyo iliyomwangusha Pierre de Fermat wa Ufaransa. Katika karne ya 17 Fermat aliamini kwamba 2 ukiizidisha yenyewe mara 32 na kuongeza 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba si kweli: ni 641×6,700,417.

Je, wajua kwamba Temeke, ukiacha 2, imebeba namba tasa mbili za taifa? Namba ya Temeke na ya taifa zote zina 7 na 43. Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya darasani, ni 2×7×43, yaani 602. Wagawe watu wa Temeke katika makundi 602, kila kundi ni watu 2,237. Wagawe Watanzania wote katika makundi 602, kila kundi ni watu 102,560. Hakuna anayesalia katika hesabu zote mbili.

Je, wajua kwamba Ubungo ni 12×12×12×629? Kutoka Manzese hadi Mbezi, watu wote 1,086,912 wanaingia kwenye dazeni za dazeni za dazeni, 629 kamili. Na 629 ni 17×37. Kati ya wilaya zote tano, hii ndiyo inayoukaribia mkoa kwa wingi wa vigawo: ina 112.

Je, wajua kwamba Kinondoni na Ubungo, zilizokuwa manispaa moja wakati wa sensa ya 2012, bado zinashirikiana namba tasa 17? Kinondoni ni 2×2×2×17×31×233. KKS ya hizo mbili ni 136. Temeke na Kigamboni nazo zilikuwa pamoja mwaka 2012, lakini kigawo wanachoshirikiana sasa, ukiacha 1, ni 2 peke yake. Kwa sababu ya mgawanyo huo, usishangae ukisoma kwamba Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049 mwaka 2012 na 982,328 miaka kumi baadaye. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliosogea. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022 upate 2,069,240, ndipo ulinganishe.

Je, wajua kwamba wakazi wote wa mkoa wanaweza kupangwa gwaride la miraba bila mtu kubaki pembeni? Safu 84, kila safu watu 84. Mraba mmoja ni watu 7,056, na miraba inayohitajika ni 763 kamili. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, wenye nafasi 60,000, haukupi ulaini huo: utaujaza mara 89, na watu 43,728 watabaki nje.

Je, wajua ingechukua muda gani kuwahesabu kwa mdomo, mtu mmoja kwa sekunde moja, bila kulala? Siku 62, saa 7, dakika 28 na sekunde 48. Anza saa sita usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, hesabu Tandale, hesabu Mwananyamala, Tandika, Chamazi, Bunju, Kibada. Utamtaja mtu wa mwisho saa moja na dakika 28 asubuhi ya tarehe 24 Oktoba. Wiki moja baadaye, tarehe 31 Oktoba, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa Dodoma. Makarani waliwahi kwa sababu walikuwa wengi, na vishikwambi mkononi.

Je, wajua namna ya kukagua jumla ndefu bila kikokotoo? Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. Kinondoni inatoa 32, kisha 5. Ilala nayo 32, kisha 5. Ubungo 27, kisha 9. Temeke 31, kisha 4. Kigamboni 22, kisha 4. Jumla ya 5+5+9+4+4 ni 27, kisha 9. Namba ya mkoa inatoa 36, kisha 9. Zimelingana. Wahasibu wa zamani walikagua vitabu vyao hivyo.

Lakini njia hii ina tundu, na anayeitumia alijue. Ukikosea kwa kupindua tarakimu mbili, ukaandika Kinondoni 928,328 badala ya 982,328, kipimo cha 9 hakitakuona. Kosa la kupindua daima huwa na tofauti inayogawanyika kwa 9. Hapa ni 54,000. Ndiyo maana mhasibu akiona vitabu vyake vimepishana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, kitu cha kwanza anachotafuta ni tarakimu zilizopinduliwa.

Je, wajua kipimo cha 11? Chukua Ilala: 1,649,912. Jumlisha tarakimu moja ukiruka moja: 1+4+9+2 ni 16. Jumlisha ulizoziruka: 6+9+1 ni 16. Zikilingana, au tofauti yake ikigawanyika kwa 11, namba nzima inagawanyika kwa 11. Ilala ndiyo pekee kati ya wilaya tano inayofaulu mtihani huo.

Je, wajua kwamba 233, namba tasa kubwa ya Kinondoni, inapatikana pia kwenye mfuatano wa Fibonacci? Anza na 1, 1, kisha kila namba iwe jumla ya mbili zilizotangulia: 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144, 233. Na ile 13 ya Kigamboni umeipita njiani.

Je, wajua kwamba kazi tuliyoifanya hapa kwa penseli, ikikuzwa, ndiyo inayolinda siri nyingi kwenye intaneti? Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni kufuli linalotegemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, kuzitenganisha tena ni kazi nzito. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuifungua namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, kwa msaada wa kompyuta nyingi. Makufuli yanayotumika sana leo yana tarakimu 617. Namba ya Dar ina tarakimu saba, na imefunguka kwa sababu vipande vyake ni vidogo. Ingekuwa zao la namba tasa mbili zenye tarakimu nne nne, ungeshinda na penseli yako kutwa nzima.

Je, wajua kwamba kati ya sensa ya 26 Agosti 2012 na ile ya 23 Agosti 2022 mkoa uliongezeka watu 1,019,187? Namba zote mbili za sensa zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo tofauti yake nayo lazima igawanyike kwa 9. Ukiisambaza kwenye siku 3,649 zilizopita kati ya sensa hizo, ni watu wapatao 279 kwa siku. Ndiyo kusema 5,383,728 ilikuwa kweli kwa usiku mmoja tu. Mitaa ya Mbagala na Tegeta imekwisha kuipita zamani, lakini vigawo vyake 120 havibadiliki.

Kwa walimu wa Hisabati wa Temeke, Kinondoni na kwingineko: vitabu vinawapa watoto namba kama 360 na 1,200 za kutafutia vigawo, na si vibaya. Lakini Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi ya watu mpaka ngazi ya kata. Mpe mtoto wa Tandale namba ya Tandale, wa Chamazi namba ya Chamazi, naye aifungue mwenyewe mpaka namba tasa ya mwisho. Anayemo ndani ya namba hiyo ataigawa kwa makini zaidi. Aanze na 2, asisahau 7, na akikwama asifute. Aendelee mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba iliyobaki, maana hapo ndipo atakuwa na hakika kwamba ni tasa.